Samli Kwenye Kioo cha Papa Ilunga

Mnaniuliza kule nilikokuwa nilifanya kazi gani, na kila nikijibu mnacheka. Wiki iliyopita, kwa fundi simu karibu na soko la Bariadi, nilisema nilikuwa natengeneza leza nyembamba kuliko kijidudu cha kipindupindu. Mmoja wenu akaangalia wenzake, akasema, "Anko, hiyo chai." Kwa mdomo siwezi kushindana na vijana wa stendi. Kwa kalamu nitajaribu.

Nina miaka arobaini na saba, na najua huo si umri wa kustaafu. Kilichonistaafisha ni mkono wa kulia. Unatetemeka. Kwa jembe hauna shida, na ng'ombe bado nakamua. Lakini kazi yangu ilikuwa kushika kipande cha kioo kidogo kama ukucha, kwa koleo lenye ncha kama sindano, bila kukigusa katikati. Mkono ulipoanza kucheza, nilijua mwenyewe kabla ya daktari kuniambia. Nikafunga begi nikarudi nyumbani.

Shule yangu iliishia kidato cha nne. Sikufeli sana wala sikufaulu sana. Baada ya hapo miguu ikaniwasha. Nilifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba kule Maswa, nikaenda Mwanza kwenye samaki, nikashuka Mbeya, nikavuka Tunduma na lori la mahindi, nikakaa Lusaka mwaka mmoja, halafu nikaendelea kusini mpaka barabara ikanichosha. Sehemu zote hizo sikumaliza miaka miwili. Nilikuwa mtu wa kuota matoborwa ya mama, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, nikiwa Lusaka, na nikirudi nyumbani Lalago kusalimia, siku ya nne tu naanza kuuliza basi linaondoka saa ngapi. Sehemu moja tu ilinishika miaka kumi na minne, na niliingia humo kwa mlango wa nyuma nikiwa nimebeba mtungi.

Ilikuwa maabara ya chuo kimoja huko Afrika Kusini. Mimi nilikuwa mbeba naitrojeni ya maji. Hii ni hewa hii hii tunayovuta, sehemu yake kubwa, ila imepozwa mpaka imekuwa maji yanayochemka huku yakigandisha kila kinachoyagusa. Siku ya kwanza niliona moshi mweupe unamwagika kutoka kwenye mtungi na kutambaa sakafuni, nikauacha nikakimbia. Nyuma yangu nikasikia mtu anacheka kwa Kiswahili. Ndiyo, mtu anaweza kucheka kwa Kiswahili. Mkikaa ugenini miaka mitatu mtanielewa.

"Rudi, bwana! Haikulumi! Ni baridi tu!"

Huyo ndiye Papa Ilunga, fundi mkuu wa maabara, mtu wa Lubumbashi. Alikuwa amekaribia miaka sitini, mfupi, mwenye miwani miwili shingoni. Kiswahili chake kilinichekesha na changu kilimchekesha. Nilipomwamkia asubuhi kwa heshima zote alisema, "Weye unanisalimia kama vile mimi ni askofu." Lakini kesho yake alisubiri nimwamkie, na nilipochelewa akauliza kama naumwa.

Sasa niwaeleze leza yenyewe, maana hapo ndipo mnaposema ni chai, nawadanganya. Nuru haipendi kubanwa. Ukitaka kuiweka mahali padogo kuliko wimbi lake, inakataa. Lakini chukua madini ya fedha, yaliyo laini kabisa, na juu yake weka kipande cha semikondakta, yaani kitu ambacho hakipitishi umeme vizuri kama waya wala hakiuzuii kabisa kama plastiki. Katikati yao weka safu nyembamba ya chumvi iitwayo magnesi floraidi, unene ambao ukiulinganisha na unywele, unywele unauzidi zaidi ya mara elfu kumi. Ukikimulika kipande kile, nuru inajibana kwenye ule mpaka, na elektroni za juu ya fedha zinayumba pamoja nayo. Mmeona upepo ukipita juu ya mpunga? Kila shina linabaki mahali pake, lakini wimbi linavuka shamba zima. Ndivyo elektroni zinavyofanya. Leza inayotumia wimbi hilo wanaiita leza ya plasmoni, na siku moja wanataka kuiweka ndani ya kompyuta ili habari zisafiri kwa nuru badala ya waya.

Tatizo ni kwamba fedha inakula nuru. Inaimeza na kuigeuza joto. Ni ndoo inayovuja, na ili ijae lazima umwage maji haraka kuliko inavyovuja. Kwenye baridi kali kipande kinang'aa vizuri zaidi na ndoo inajaa. Ndiyo maana walihitaji mbeba mitungi. Ila nani atanunua simu inayotembea na mtungi wa naitrojeni? Kwa hiyo mkuu wa maabara, Daktari Thandeka, mama mwembamba anayetembea kama aliyechelewa basi, alitaka leza inayofanya kazi kwenye joto la kawaida la chumba.

Papa Ilunga aliniambia, "Unajua kwamba unasaidia kuua kazi yako? Ikiwaka bila baridi, mtungi wako utapandwa maua."

Na mimi nikauliza, "Joto la chumba cha nani, Papa? Maana vyumba vya kwetu Oktoba chini ya bati..."

"Cha hapa, bwana. Tuanze na cha hapa. Cha kwenu watakuja kukifanya watoto wako."

Nilitolewaje kwenye mitungi? Kwa pamba. Mnajua wote nyumbani tunavyochambua pamba baada ya kuvuna: safi huku, fifi yenye madoa kule, na ole wako uchanganye. Mama yangu alikuwa haangalii hata. Anapitisha vidole kwenye rundo, anatoa fifi moja uliyoificha, anakurushia. Nilikaa kwenye marundo hayo tangu nina miaka sita. Sasa Papa Ilunga alikuwa na vipande vya semikondakta kwenye sahani, maelfu, vidogo huvioni bila hadubini, na alihitaji vile vya mraba tu, vyenye kona kali na uso usio na mkwaruzo. Wanafunzi walichoka baada ya nusu saa. Siku moja akaniambia nichungulie kwa kujifurahisha. Nikachungulia saa mbili na nusu. Nilichagua vipande kumi na tisa. Akavikagua kimoja kimoja, akabadilisha miwani, akavikagua tena.

"Nani alikufundisha?"

"Mama."

"Mama yako alifanya kazi na hadubini?"

"Hapana. Na pamba."

Hakucheka. Alikwenda kwa Daktari, na mwezi uliofuata nikapewa koti jeupe. Vijana, hakuna kazi ya nyumbani iliyo bure. Hamjui ni ipi itakayowafungulia mlango, kwa hiyo zifanyeni zote vizuri, hata ile mnayoikimbia.

Papa Ilunga alinifundisha kazi kwa maneno machache. Koleo usilikaze, shika kama unashika mkia wa panzi unayetaka kumwachia. Andika kwenye daftari kabla ya kunywa chai, kwa sababu chai inafuta kichwa. Mashine ikilia sauti mpya, simama, hata kama inaendelea kufanya kazi. Na kitu kilichonifaa kuliko vyote: pumulia kioo, kile kinachobeba fedha. Kabla hujaweka fedha kwenye kioo, kipumulie taratibu kama unayepasha mikono. Kikiwa safi, ukungu wa pumzi yako utakaa sawasawa, mweupe wote, halafu utaondoka wote kwa pamoja. Kikiwa kichafu, hata uchafu usioonekana kwa hadubini, ukungu utakatika vipande. Baada ya hapo kile kioo unakirudisha kwenye kuoshwa, maana umeshakipumulia. Mashine ya mamilioni walikuwa nayo ya kupima uchafu. Papa Ilunga alikuwa na mapafu.

Na alikuwa na sheria ya mikono. Osha mpaka kwenye kiwiko. Hakuna marashi, hakuna losheni, hakuna pete.

Sasa nafika mahali ambapo sipendi kufika, lakini nikiparuka nitakuwa nawadanganya.

Ulikuwa mwaka wangu wa tatu kwenye koti jeupe, mwanzoni mwa Mei, na huko Mei baridi kavu inayopasua ngozi imeshaanza. Mikono yangu ilipauka ikawa kama ya mtu aliyechanganya saruji. Nilimwambia mama kwenye simu, kama mzaha. Akasikitika sana. "Ng'wanone, mwanangu, mtu akikuona umepauka hivyo atasema huna kwenu." Baada ya wiki tatu nikapokea chupa ya samli, imefungwa ndani ya soksi mbili pamoja na michembe ya viazi vikavu, imepita mikono ya madereva watatu. Samli ya ng'ombe wetu. Nilipoifungua nilikaa kitandani nikanusa tu, sijui dakika ngapi.

Kila asubuhi nikawa najipaka. Mikononi, mpaka kwenye kiwiko. Sheria ya Papa Ilunga nilikuwa naijua, ila kichwani mwangu ilisema losheni. Samli siyo losheni. Samli ni chakula, mtoto mchanga anapakwa. Nikinawa kazini ilitoka kidogo tu, na niliona ni sawa, kwani si nitavaa glavu?

Katika wiki hizo hizo fedha ikaanza kuharibika. Fedha tuliiweka hivi: ndani ya chungu cha chuma kisicho na hewa, inachemshwa mpaka inakuwa mvuke, mvuke unatua kwenye kioo na kuwa kama maji ya bwawa asubuhi isiyo na upepo. Sasa ikawa inatoka na madoa kama manyoya ya kanga. Juu ya madoa leza haiwaki. Tulikuwa tumefika karibu kabisa. Vipande vya mwezi wa Mei vilikuwa vimewaka kwenye baridi kidogo tu, na Daktari Thandeka aliamini vya Juni vitawaka bila baridi. Badala yake, wiki nne za madoa. Wakabadilisha pampu, wakabadilisha fedha, wakabadilisha maji ya kuoshea.

Mashine ya kuchemsha fedha ilikuwa ya Papa Ilunga. Yeye ndiye aliyeifungua ikiwa kwenye masanduku, miaka kumi na moja nyuma. Mkutano wa Jumatatu, Daktari aliongea akiangalia karatasi.

"Papa, nadhani ni macho. Siyo kosa lako. Mkataba wako unaisha mwezi huu na sitauongeza. Kuanzia Jumatatu ijayo mashine itashikwa na mtu mwingine."

Papa Ilunga alivua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Sawa, Daktari."

Kwake Lubumbashi alikuwa ameacha kaburi la mke na nyumba ambayo ndugu walishaigawana. Maisha yake yalikuwa mashine ile. Mimi nilipandwa na hasira, kwa sababu nilikuwa nafanya naye kazi kila siku na nilijua macho yake hayana tatizo. Nikaapa nitamwonyesha Daktari nani anachafua. Moyoni nilishamchagua mwanafunzi mmoja aliyekuwa akila karanga koridoni.

Jumanne nikachukua vioo vitano. Kila hatua ya kazi, naweka kimoja pembeni, nakipumulia. Baada ya kuoshwa: ukungu sawasawa. Baada ya kukaushwa: sawasawa. Baada ya kuwekwa kwenye kishikio kinachoingia mashineni, kabla Papa Ilunga hajagusa chochote: ukungu ukakatika. Ulianzia ukingoni ukaingia ndani kama mto wakati wa masika. Nikarudia. Vilevile.

Aliyekuwa akiweka vioo kwenye kishikio ni mimi.

Nikaangalia mikono yangu. Nikakumbuka ninavyovaa glavu: ya kulia naivuta kwa vidole vya kushoto vikiwa bado wazi, vinashika glavu kwa nje. Nikanusa ile glavu. Nyumbani. Ilinukia nyumbani.

Ningependa kuwaambia nilikimbia kwa Daktari saa hiyo hiyo. Sikukimbia. Nilifuta vile vioo, nikavirudisha. Kibali changu cha kazi kilitegemea maabara ile, na mama alikuwa ameshawaambia watu Lalago nzima kwamba mwanaye anavaa koti jeupe. Jumatano yote nilinyamaza. Nilikula na Papa Ilunga mchana, tukaongea habari za mpira.

Alhamisi asubuhi nilimkuta anapanga vitu vyake kwenye boksi. Akatoa koleo lake, lile ambalo hakuna mtu aliruhusiwa kuligusa, akanipa.

"Chukua. Weye utabaki. Ncha usiinoe kwa mashine, noa kwa mkono."

Nililishika.

"Papa, ni mimi."

"Weye nini?"

"Madoa. Ni mimi. Ni samli."

Hakuelewa. Nikamnyooshea mikono, nikamwambia anuse. Alinusa, akanitazama juu ya miwani, akaliweka boksi chini. "Twende," alisema.

Daktari Thandeka alinisikiliza akiwa amesimama. Nilieleza yote, pamoja na siku niliyonyamaza. Nilitegemea makofi ya maneno. Akauliza, "Hiyo chupa iko wapi?"

"Nyumbani kwangu."

"Kailete."

Nilipoileta aliifungua, akainusa, akatoa macho kidogo. "Kwenu mnakula hii?"

"Tunakula, na tunajipaka."

"Vizuri. Hapa hatuamini maungamo. Tunaamini vipimo."

Akachukua vioo sita vilivyooshwa. Vitatu aliviweka Papa Ilunga kwa glavu mpya. Vitatu niliviweka mimi, nikiwa nimejipaka kama kawaida, mbele yao, nikiona aibu kama mtu anayeoga barabarani. Papa Ilunga akaviingiza vyote sita kwenye mashine, akavuta hewa, akachemsha fedha. Tulisubiri saa tatu. Hakuna aliyekaa. Vilipotoka, vitatu vilikuwa bwawa. Vitatu vilikuwa kanga.

Daktari aliviinua kimoja kimoja kwenye mwanga. Kisha alimgeukia Papa Ilunga, siyo mimi. "Nilikukosea," alisema. "Nilipaswa kupima kabla ya kusema." Kwangu alisema maneno makali zaidi, siyaandiki yote. Mwisho wake ulikuwa kwamba nitaandika kosa hilo kwenye daftari la maabara kwa mkono wangu, na jina langu chini, ili atakayekuja asirudie. Niliandika. Daftari hilo bado lipo.

Koridoni nilisubiri Papa Ilunga anifokee. Alitembea mpaka kwenye dirisha la mwisho.

"Nikiwa kijana," alisema, "kule kwenye kiwanda cha shaba, nilifunga vali vibaya. Moto ukatoka. Hakufa mtu. Wakamfukuza mwenzangu, Mwamba, maana zamu iliandikwa jina lake. Nilijua siku hiyo hiyo. Nikanyamaza. Nimenyamaza miaka thelathini na mbili. Nilimtafuta baadaye, sikumpata. Weye ulinyamaza siku moja." Akanipiga bega. "Siku moja si kitu, bwana. Nenda kanawe mikono."

Nilinawa. Baridi yote ile iliyobaki sikupaka kitu, ngozi ikapasuka mpaka damu, nikawa navaa glavu za pamba ndani ya glavu za mpira. Mama nilimwambia samli imesaidia sana, na kwa namna fulani sikumdanganya.

Vipande vya Julai tuliviandaa wote watatu. Nilidhani Papa Ilunga ataweka vioo mwenyewe. Akaniachia. "Weye utaweka," alisema, "maana sasa hakuna mtu hapa anayeogopa uchafu kukuzidi." Mtungi wa naitrojeni ulibaki ukutani. Kwa macho huoni kitu kikubwa, doa la kijani tu kwenye hadubini. Unachotazama ni mstari kwenye kompyuta. Daktari akaongeza mwanga wa kuchochea kidogo kidogo. Mstari ulikuwa kilima kipana, kivivu. Akaongeza. Kilima. Akaongeza tena, na katikati ya kilima ukachomoza mwiba mmoja, mwembamba, ukapanda mpaka ukatoka nje ya kioo cha kompyuta: leza imewaka.

Daktari alisoma kipimajoto cha chumba kwa sauti, mara mbili. Kisha akakaa sakafuni, na koti lake jeupe.

Ilituchukua mwezi mwingine kurudia mpaka aridhike, kwa sababu kitu kikiwaka mara moja ni bahati tu. Mitungi ilipungua, hakuna aliyeipanda maua, na mimi sikukosa kazi. Kuna maabara nyingi duniani zimefanya leza za namna hii, nyingine kabla yetu, nyingine bora kuliko zetu. Sisemi tuligundua dunia. Nasema nilikuwepo, na nilibakizwa na watu wawili ambao walikuwa na kila sababu ya kunifungulia geti.

Mkataba wa Papa Ilunga uliongezwa. Alifanya kazi miaka minne zaidi, na siku ya kuondoka aliichagua mwenyewe, Jumanne ya kawaida, baada ya kumaliza kuchemsha fedha ya wiki. Alizima mashine, akaiwekea kitambaa chake. Nilimwamkia, ingawa tulikuwa tumeshaamkiana asubuhi, na safari hii akaitikia kama askofu. Daktari Thandeka alimshikia mlango, akasimama hapo akiushikilia mpaka mzee alipomaliza ngazi zote.